Kitambaa cha Mkono wa Kidoti

14 Aprili 1957

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa na miguu umeiweka juu ya kigoda kama daktari alivyokuambia, si umesimama na pasi mkononi. Mimi mzima. Mume wangu mzima. Hata paka tuliyemkuta kwenye nyumba hii mzima, tena kanenepa. Baba ameniandikia kwamba kifua kimetulia, na kaka ameanza kuota ndevu nne na anazichana kwa kitana changu nilichosahau huko.

Shangazi, ndoa ni tamu! Usinicheke. Wiki ya kumi na moja imekwisha jana, na bado akitoka kwenda kazini nasimama dirishani mpaka kofia yake ipotelee kwenye kona ya duka la viatu. Juzi alirudi mara mbili kunibusu, eti amesahau kalamu. Kalamu ilikuwa sikioni! Mimi namwita Laazizi, yeye ananiita Kasuku kama mnavyoniita nyumbani. Nilimwambia mlinipa jina hilo kwa sababu sijui kufunga mdomo, akasema, "Mdomo kama huo nani atake ufungwe?" Niliona haya mpaka nikajificha nyuma ya pazia.

Tuna vyumba viwili, ghorofa ya pili, na kochi la kijani ambalo ukilikalia linapumua. Yote haya ni kwa sababu ya zile habari zake gazetini za yule mwuaji, Mfunga Vitambaa. Mhariri Mkuu mwenyewe alimshika bega mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Huyu anakwenda makao makuu." Sasa ana meza yake na simu yake. Najua habari zile zinakuuma, kwa ajili ya mwanao, Dada Kidoti, ndiyo maana sizisemi sana. Lakini ujue, Shangazi, ni yeye aliyepiga kelele mpaka polisi wakaamka. Mwuaji kakamatwa, kesi imekwisha, kahukumiwa. Nikimtazama Laazizi wangu akinywa chai najiambia: huyu ndiye aliyemtetea dada yangu.

Gauni langu la harusi nimelitundika nyuma ya mlango. Mikunjo aliyoitia Kidoti haijavunjika hata mmoja. Unakumbuka alivyonifukuza chumbani? "Toka hapa, Kasuku, jasho lako litaniharibia kazi!"

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbona hunijibu?

Mwanao,
Kasuku


2 Mei 1957

Kasuku,

Marahaba. Barua zako zote tatu nimezipata. Baba yako anakohoa bado, anakuficha tu. Ndevu za kaka yako ni tano sasa. Miguu yangu imevimba na sina kigoda, nilikipa jirani. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira nikataka ipoe kwanza. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo.

Kidoti alipokufa mimi sikuwepo, unajua. Nilikuwa kwa baba yako namwuguza. Nilifika jeneza limekwisha kufungwa, na watu wakaniambia Mfunga Vitambaa amempata mwanangu, amekuwa wa nne. Niliamini kama walivyoamini wote. Gazeti sikulishika tangu siku hiyo.

Wiki iliyopita nilinunua mche wa sabuni, mwenye duka akaufunga kwa gazeti la mumeo. Nimefika nyumbani, nafungua sabuni yangu, naona WA NNE! kwa herufi kubwa kama za bango la sinema, na chini yake mkono wa mwanamke umechorwa. Una kucha ndefu. Una bangili. Mwanangu alikuwa mpiga pasi kwa miaka kumi na sita, kucha alikuwa akizikata mpaka kwenye nyama. Na maneno yenyewe! "Kipusa wa chumba cha mvuke." "Macho yake yaliyowasha mioyo ya wateja." Kidoti alikuwa na miaka thelathini na nne na goti bovu. Doa lake la shavuni, lile lililompa jina, wameliandika kama vile ni pambo alilojitia ili awatege watu.

Hayo ningeyameza. Ninalokuandikia ni kitambaa.

Wameandika kwamba amekutwa na kitambaa mkononi, "saini ya mwuaji", kama wale watatu wa kwanza. Na wamekichora. Nilikisogeza kwenye mwanga wa dirisha nikakitazama sana. Kasuku, hukuwahi kufanya kazi kwetu dobini, kwa hiyo nitakueleza. Kila mteja ana kitambaa chake, upana wa vidole viwili, kimekunjwa ukingo, kimetiwa alama kwa uzi mwekundu. Nguo zikija, kitambaa kinafungwa juu ya furushi. Ukianza kuzipiga pasi unakifungua unajifunga mwenyewe, juu kidogo ya kifundo cha mkono, ndani ya mkono wa gauni, ili nguo za watu zisichanganyike. Ukimaliza unakirudisha kwenye furushi. Mteja akichukua nguo zake, kitambaa kinatundikwa kwenye msumari wake kikamngoje. Nimewafundisha wasichana kumi na tisa kufanya hivyo, wa kwanza ni mwanangu.

Kile hakukifunga mwuaji. Alijifunga mwenyewe. Alikuwa kazini.

Alama waliyoichora ni nyota inayotoa machozi. Hatuna mteja mwenye nyota. Mchoraji amejitungia. Nataka kukiona kitambaa chenyewe, kwa sababu siku ile msumari mmoja kwetu ulikutwa hauna kitu, na kuna mteja mmoja ninayemfikiria. Simtaji kwenye karatasi.

Polisi wanasema hawakukiona, wamekisoma gazetini kama mimi. Basi nani alikitoa mkononi mwake, na kimefikaje gazetini? Muulize mumeo.

Shangazi yako


19 Mei 1957

Shangazi yangu,

Shikamoo tena na tena. Pole na miguu. Nimekushonea foronya mbili zenye maua, nitazituma. Huku mvua imenyesha siku tano na Laazizi ameninunulia viatu vya mpira, vyekundu! Amenivisha mwenyewe, amepiga magoti sakafuni kama kwenye sinema. Pazia la jikoni nimelimaliza. Jirani wa chini, mke wa fundi saa, ananiita Bibi Arusi, na kila tukikutana kwenye ngazi ananiuliza, "Bado tu mnachekana?" Namwambia bado.

Habari ya kitambaa nimemwuliza. Anasema vitu vingi hupotea kwenye chumba cha kuchapia, huenda kilitupwa. Anasema pia, na nakuomba usikasirike, kwamba uchungu humfanya mtu atafute sababu nyingine wakati sababu iko wazi. Yule mtu amekubali mwenyewe kwamba aliua, Shangazi. Mahakama imesema.

Uliuliza nani alikitoa. Siku ile tulipomvika Kidoti nguo ya mwisho tulikuwa wanawake wengi chumbani, kila mtu analia, maji yamemwagika, mimi mwenyewe sikumbuki vizuri nani alishika nini.

Laazizi ni mtu mwema. Ungemwona anavyomkatia paka nyama vipande vidogovidogo. Siku hizi amekuwa kimya kidogo, nadhani ni kazi.

Usiniandikie kwa hasira. Barua yako niliisoma kwenye kochi, nikainuka nikakaa sakafuni.

Kasuku wako


8 Juni 1957

Kasuku,

Baba yako hajambo. Foronya sijazipata na sizitaki.

Nilikwenda kwa Inspekta. Nilikaa kwenye benchi lake siku tatu mfululizo mpaka karani akaona haya. Kaniingiza. Inspekta ni mtu mzima, mtaratibu, meza yake safi. Nikamwambia mambo ya kitambaa. Akasikiliza, kisha akafungua jalada akanisomea karatasi ya daktari. Sikiliza sasa. Wale watatu, yule mwalimu wa watoto, yule muuza mikate na yule mjane wa nyumba ya kona, walikabwa shingo. Mwanangu hakukabwa. Mwanangu alipigwa kisogoni kwa kitu kizito kilichokuwa na moto. Kasuku, ni pasi. Ni pasi yake mwenyewe. Na gazeti la mumeo linasema wote wanne walikabwa "kwa mikono ileile ya kikatili."

Nikamwuliza Inspekta, "Ulilijua hili?" Akasema alilijua. Siku mbili za kwanza alikuwa anawahoji wateja wetu mmoja mmoja. Siku ya tatu gazeti likatoka, WA NNE!, na mchana wake watu mia mbili walikuwa nje ya kituo wanarusha mawe madirishani, wanataka Mfunga Vitambaa. Wakubwa wake wakampigia simu. Akaliweka jalada la Kidoti ndani ya jalada la wale watatu, na kesi ikaisha kwa siku nne.

Na yule mwuaji, unajua alisema nini mahakamani? Inspekta alinisomea. "Watatu ni wangu. Huyo wa nne simjui." Gazeti likaandika kwamba amekubali yote. Mtu aliyeua wanawake watatu amesema kweli kuhusu mwanangu, na mkwe wangu amesema uongo. Nilirudi nyumbani kwa miguu maana nisingeweza kukaa karibu na mtu.

Sasa nitamtaja. Ni Bwana Mnada, yule anayepiga kengele sokoni na kuuza samani za watu waliohama. Mashati meupe sita kila wiki, wanga mwingi kolani. Alimtaka Kidoti awe mke wake, akakataa. Akamtaka tena, akakataa mbele ya wenzake, wakacheka. Aliwaambia polisi kwamba alichukua mashati yake Jumanne. Kidoti alikufa Alhamisi, saa ya chakula, wenzake wameenda kula. Kama aliyachukua Jumanne, kitambaa chake kingekuwa kwenye msumari. Msumari ulikutwa mtupu. Alama yake ni misalaba miwili na mstari. Kama mkononi mwa mwanangu palikuwa na misalaba miwili na mstari, basi Alhamisi saa ya chakula alikuwa anayapiga pasi mashati ya mtu anayesema hakuwepo.

Huyu ndiye aliyeleta viti vya msiba. Alilia kuliko mimi. Bado analeta mashati, Kasuku. Kila Jumatatu. Ameuliza mbona kitambaa chake ni kipya.

Inspekta ameniambia, "Mama, nipe kitambaa nitalitoa jalada lako mle. Bila kitambaa, watu wamekwisha kulala usingizi wao, siwezi kuwaamsha." Yule wa watatu atanyongwa mwisho wa mwezi ujao. Wakimnyonga kwa wanne, hesabu imefungwa na mwanangu amefungiwa ndani yake.

Mmesema mlikuwa wengi chumbani. Mlikuwa sita. Nimewafuata nyumbani kwao mmoja mmoja nikawauliza nani alikitoa. Watano wamenijibu.

Shangazi


21 Juni 1957

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumba leo.

Ni mimi.

Nilikuwa namvua lile gauni la kazini, nikakuta kitambaa juu ya kifundo cha mkono, na wiki nzima hakuna tulichosikia ila vitambaa, vitambaa. Nikapiga kelele. Nikakifungua nikakitia mfukoni. Sikuwaza hata kidogo kwamba ni kitu cha kazi, nilijua tu yale niliyoyasoma. Nikatoka mbio nikampa yeye. Alikuwa amenisubiri nje kwenye baiskeli. Harusi yetu ilikuwa haijatimiza mwezi, Shangazi, na yeye alikuwa mwandishi wa habari za mpira tu, hakuna aliyemjali. Aliponikumbatia akasema, "Kasuku, umenifungulia mlango," na mimi, Mungu anisamehe, dada yangu amelala mle ndani, na mimi nikafurahi. Nikaona nimemsaidia mume wangu na nimemsaidia Kidoti, yote kwa pamoja.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba sikumbuki, nilikuwa nakumbuka.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nimesimama. Halafu nikatafuta. Hakikutupwa. Kilikuwa kwenye kopo lake la tumbaku, ndani ya kabati letu, chini ya picha za harusi, kimekunjwa vizuri. Misalaba miwili na mstari, Shangazi. Uzi mwekundu. Hakuna nyota wala machozi.

Niliviweka mezani, kitambaa na barua yako, nikamngoja. Sikusimama dirishani. Alipoingia akasema, "Leo mbona sikukuona?" Nikamwambia, "Soma." Alisoma, akakaa, akaanza kusugua paji la uso.

"Ulijua hakukabwa?"

"Karatasi ya daktari niliiona, ndiyo."

"Uliiona lini?"

"Kasuku, usinihoji kama polisi."

"Uliiona lini?"

"Kabla."

Akaniambia Mhariri alisema watatu wamekwisha kuchosha watu, wa nne ndiye angewarudisha. Akaniambia mimi sijui gazeti linavyofanya kazi. Kitambaa hiki kikitoka, habari iliyomleta hapa ni uongo, na meza itarudi, na simu, na hili kochi ninalolipenda. Nikamwambia, "Lichukue sasa hivi, nitalisukuma ngazini mwenyewe!" Nilipiga kelele mpaka mke wa fundi saa akagonga dari kwa ufagio. Halafu akasema jambo ambalo nalisikia bado. Kwa upole, kwa sauti ileile anayoniitia. "Lakini mpenzi, wewe ndiye uliyenipa."

Ni kweli. Lakini mimi nilimpa kitambaa. Zile kucha sikumpa. Zile bangili, "kipusa", yale macho ya kuwasha mioyo, sikumpa. Na alikuwa anamjua, Shangazi! Kidoti alimpigia pasi suruali ya harusi akamtania, "Simama wima, Bwana Gazeti, mstari huu ukipinda watasema mimi ndiye mlevi." Alimjua, akakaa chini akaandika yale.

Nampenda. Siwezi kukudanganya tena, hata kwa hilo. Nampenda na nikimwona anamkatia paka nyama natamani kumrushia sahani.

Asubuhi alikitafuta kitambaa, hakukipata. Nilikuwa nimekifunga ndani ya mkono wa gauni langu la harusi, juu kidogo ya kifundo, kama ulivyonieleza. Nimelipeleka posta nikasema ni nguo ya dobi, na si uongo. Litafika siku tatu au nne baada ya barua hii. Nitasema mbele ya Inspekta nilikitoa wapi na nilimpa nani. Akitaka nije, nitakuja.

Sina uso wa kukuomba chochote.

Kasuku


3 Agosti 1957

Kasuku,

Baba yako anasema hujala tangu ulipokuja kutoa ushahidi na kurudi. Kula. Kaka yako amenyoa ndevu zote, amejikata.

Wiki ile kituoni sikusema nawe na hukunilazimisha. Nilifurahi kwa hilo. Inspekta alipokuuliza nani alipewa kitambaa, nilitazama mdomo wako. Nilidhani utasema tena hukumbuki. Ulisema "mume wangu," ukasema mara mbili maana karani hakusikia, na mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Nililiona hilo.

Bwana Mnada yuko ndani. Inspekta alimwekea kitambaa mezani, akamwuliza mashati alichukua lini. Akasema Jumanne. Akaulizwa tena. Akakitazama kitambaa, akasema hakumbuki vizuri. Shati moja walilikuta nyumbani kwake kwenye sanduku, nusu limepigwa pasi, nusu bado. Mkono wa kushoto haukuguswa. Nililitambua kwa mkunjo wa kola, hakuna mwingine anayekunja vile. Kesi yake ni mwezi wa kumi na nitakaa benchi la mbele.

Yule mwingine wamemnyonga Jumanne. Kwa watatu. Nilimwomba Inspekta anionyeshe karatasi, akanionyesha. Watatu.

Gazeti la mumeo limesema nini? Ukurasa wa sita, chini ya tangazo la dawa ya mba, mistari minne: "Uchunguzi mpya umeonyesha." Nani alisema uongo wa kwanza, hawasemi. Kisha wiki hii nikapata barua kutoka kwake. Ameandika vizuri, ana mwandiko wa kupendeza. Anasema anajuta. Karatasi ya pili anasema Mhariri angependa habari kamili ya "Kitambaa Kilichofichua Siri", kwa maneno ya mama mwenyewe, na picha ya marehemu kama ninayo, ambayo anatabasamu. Nilicheka, Kasuku. Nilicheka mpaka wasichana wakaacha pasi. Halafu nikaikunja ile barua mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na sasa haiyumbi.

Hujaniomba nikusamehe, na mimi sijui bado. Kuna siku nakukasirikia asubuhi nzima na ikifika mchana nimechoka. Wewe na mumeo mtajua wenyewe, sitakuambia uondoke wala ukae. Utakapoketi kwenye kochi lako, ujue tu miguu yake imesimama wapi.

Gauni lako lilikunjamana njiani. Nimelifua, nimelipiga pasi mimi mwenyewe, siku nzima, na mikunjo nimeitia pale alipoitia yeye. Kabla ya pasi, nilipotafuta msumari wa kulitundika likauke, nikakuta kitambaa chako. Sikujua kwamba Kidoti alikutengenezea. Kina ndege mdogo wa uzi mwekundu, mdomo wazi. Nilijifunga nilipokuwa nalipiga pasi, halafu nikakirudisha kwenye msumari.

Nguo zako ukizileta, nitazipokea. Za mumeo apige mwenyewe.

Shangazi yako